Ubao Uliosema Leo Hakuna Nyama

Naanza kwa kujisifu, vijana wangu, kwa sababu mkisubiri nianze kwa unyenyekevu chai yenu itapoa. Mimi ndiye mwanamke niliyewalisha wasafiri Waislamu wa barabara nzima, kuanzia wanaotoka Tanga mpaka wanaokwenda Ndola, katika mji wa Tunduma ambako ukirusha jiwe linaangukia paa la kanisa. Mimi mwenyewe ni Mkristo, Mnyiha wa Ruanda kule Mbozi, binti wa mkulima wa kahawa. Diploma yangu ya hoteli niliipata Lusaka, na ada yake niliitafuta kwa kuosha sahani za watu miaka minne. Nilirudi nyumbani na sanduku moja, cheti kimoja na visu sita vizuri. Sikurithi kitu. Kila tofali la hoteli ile nalijua.

Mji mzima unaniita Mama Diploma. Jina hilo lilianza kama dhihaka, na nitawaeleza aliyeanzisha.

Lakini kwanza niwaambie kwa nini naandika. Juzi nilikwenda kula kwa mmoja wenu mnaofungua hoteli siku hizi. Simtaji, anajijua. Kibao chake kinawaka taa, kimeandikwa HALALI kwa herufi za kijani, na ndani viti vinang'aa kama vya benki. Nikamwuliza, "Mwanangu, kuku wa leo kachinja nani?"

Akacheka. "Mama, mambo ya kuchinja yamepitwa na wakati. Siku hizi tunaletewa."

"Mnaletewa na nani?"

"Na bodaboda."

Nikamaliza soda yangu nikaondoka. Sikula. Na mimi sina katazo lolote la kuku. Siku tatu sasa nazunguka nyumbani nikizungumza peke yangu, binti yangu akaniambia, "Mama, andika basi, tupumzike." Ndiyo haya.

Nilipofungua hoteli, foleni ya malori ya kuingia Zambia ilikuwa inafika mbele ya mlango wangu. Dereva angeweza kukaa pale siku nne. Nikaona jambo ambalo wenzangu hawakuliona. Madereva wa Pwani walikuwa wanachuchumaa kando ya tairi na jiko dogo la mafuta ya taa, wanajipikia maharage kwenye vumbi, huku hoteli nane zimewazunguka. Familia zilizoshuka kwenye mabasi zilikaa juu ya mabegi zikila mkate na mayai ya kuchemsha. Nikamfuata mama mmoja nikamwuliza kwa nini haingii mahali akale vizuri na watoto. Akanijibu kwa upole, "Dada, hatujui kilichopikwa, na hatujui kilichopikwa kwenye sufuria hizo jana."

Mimi nikasikia neno moja tu: wateja. Nikaandikisha kibao kikubwa: HOTELI YA KISASA. CHAKULA HALALI. VYUMBA VYA FAMILIA. Nyuma ya hoteli hiyo hiyo, chini ya mabati, nilikuwa nachoma kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, na friji la bia lilikuwa kaunta. Msicheke. Lusaka nilifundishwa usafi wa jiko, joto la friji na namna ya kukunja kitambaa kiwe kama ua. Kuhusu mgeni Mwislamu tulifundishwa mstari mmoja: hali nguruwe, hanywi pombe. Basi mimi sikumpa nguruwe wala pombe. Nilidhani nimemaliza.

Siku ya tatu akaja mzee mwembamba, kofia nyeupe, miguu ina matope ya machinjioni. Huyo ni Mzee Athumani. Alfajiri alikuwa mchinjaji wa mji, mchana fundi cherehani. Ng'ombe wote waliouzwa buchani walipita mkononi mwake, hata sherehe za Wakristo zilimwita yeye achinje, ili mgeni yeyote atakayekuja aweze kula. Alisoma kibao changu taratibu, akaingia, akakaa, akanusa.

"Mama, nasikia harufu."

"Ni jiko la nyuma, mzee. Halihusiani na la mbele. Sufuria mbalimbali, vijiko mbalimbali, hata mpishi wake ni mwingine. Tumesomea kutenganisha."

"Umesomea wapi?"

"Lusaka. Diploma."

Akatikisa kichwa kama mtu anayesikitikia mgonjwa. "Na upepo nao una diploma?"

Ukumbi mzima ulicheka. Akaondoka bila kunywa hata maji. Kabla ya saa kumi, kila mtu stendi alikuwa ananiita Mama Diploma.

Nilikasirika kiasi kwamba kesho yake nilimpa shemeji yangu biashara yote ya kitimoto pamoja na friji la bia, akahamishia kwake, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Watu walisema nimeokoka au nimesilimu. Wala. Nilitaka yule mzee arudi, ale, aseme mbele ya watu kwamba nimeweza. Kiburi nacho kina kazi zake, vijana wangu, kikielekezwa jikoni.

Alirudi. Nilimwonyesha sufuria mpya, mafuta mapya, na visu vyangu sita. Alipitisha ukucha kwenye makali ya kimoja, mara ya kwanza nikamwona akitabasamu. "Hiki kinafaa. Kisu butu ni ukatili." Tukakubaliana awe anakuja kila alfajiri kunichinjia kuku, na kila alfajiri nikawa mwanafunzi upya. Alinifundisha kwamba mnyama hachinjwi mbele ya mwenzake, kwamba jina la Mungu linatajwa juu ya kila mmoja na si mara moja kwa kundi zima, na kwamba damu inaachwa itoke yote. Asiyechinjwa hivyo ni kibudu, hata ukimpika na viungo vya Zanzibar nzima.

Mengine hayakuwa ya jikoni. Chooni kuwe na maji na kopo, maana karatasi peke yake haimtoshi. Vyumba nisivikodishe kwa saa, kwa sababu baba aliyelala na mkewe na watoto hataki kusikia milango ya watu wa saa moja. Muziki wa baa uzimwe. Pembeni ya ukumbi niliweka pazia, mama anyonyeshe mtoto na ale bila kutazamwa. Pazia hilo hata wake wa wachungaji walilipenda, wakawa wanakuja kutoka Vwawa kukaa nyuma yake.

Na msifikiri msafiri mwenyewe ni mjinga. Mwislamu anayeshuka Tunduma kwa mara ya kwanza hakimbilii kibao. Anauliza msikitini, au anatazama ni wapi wameketi kina mama wenye mitandio na watoto wao. Anaomba kunawa ili apite karibu na jiko. Anakwenda chooni kabla ya kuagiza, akikosa kopo anarudi akikuambia basi lake linaondoka. Nimeagana na wengi kwa namna hiyo, na basi lenyewe lilikuwa bado halijafika.

Jambo moja nililifanya kwa akili yangu mwenyewe bila kumwuliza mzee. Katika vyumba vyote sita nilipaka ukutani mshale wa kuonyesha kibla, upande wa kuswalia, ukielekea jua linapochomoza. Niliona hivi: Arabuni si mashariki? Nikaupaka kijani kizuri. Kumbukeni mshale huo, tutaurudia.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Mzee Athumani alifiwa na dada yake huko Galula. Safari ya kule ni basi, kisha pikipiki mpaka makalio yasahau kazi yake. Akaniaga jioni akiwa na kifurushi kwapani. "Siku mbili sipo. Usiguse kuku. Pika samaki, samaki hachinjwi."

"Nenda kwa amani, mzee. Samaki wa Rukwa watafika kesho asubuhi."

Hawakufika. Mvua iliharibu barabara, gari la samaki likakwama. Na foleni ya malori siku hiyo ilikuwa ndefu ajabu, ukumbi umejaa kuanzia asubuhi, watu wanagonga meza. Mpishi wangu alikuwa Simbeye, Mnamwanga, nusu ya ndugu zake wako Nakonde ng'ambo ya mpaka, mtu wa maneno mengi. Kila mgeni akiingia alipiga kelele kutoka dirishani, "Mwaiseni, mwaiseni!" yaani karibuni kwa Kibemba, hata kama mgeni ni Mzaramo.

"Simbeye," nikamwambia, "chinja kuku kumi."

Akautua mwiko. "Madam, mzee kasema tusiguse."

"Mzee ndiye mwenye hoteli?"

"Sijasema hivyo."

"Kwenu nani huchinja kuku?"

"Yeyote aliye karibu naye."

"Na kwetu Ruanda hivyo hivyo. Mungu ni mmoja, kisu ni kimoja. Nenda."

Wala hakutumia kisu. Alichukua panga na gogo la kupasulia kuni. Nilikuwa nimesimama kaunta, nikasikia mapigo kumi. Ninaweza kuyasikia hata sasa ninapoandika.

Supu ya asubuhi ilitoka kwa kuku hao. Aliyekunywa mabakuli mawili ni Swalehe, dereva wa Morogoro. Huyu ndiye aliyekuwa mteja wangu wa kwanza kati ya madereva wote wa Pwani. Kila safari alilala kwangu, aliniita dada, na aliniletea machungwa. Aliniambia supu ya leo nzuri, nikamshukuru, nikaenda kufuta meza nyingine.

Saa saba mchana ikaingia familia. Mama wa makamo amevaa baibui, jina lake Bi Zuhura, mfanyabiashara wa Tanga anayemfuata mumewe Lusaka. Watoto wawili wamechoka mpaka hawagombani tena. Na mama mkwe wake, Bibi Mwanaidi, mzee mdogo wa umbo, fimbo mkononi. Basi lao lilikuwa limekwama mpakani mpaka kesho.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Habari ya hapa?"

Bi Zuhura hakukaa. Alinivuta pembeni. "Dada, usinione mkorofi. Mama ana sukari. Tangu tutoke nyumbani siku mbili anakula mkate na mayai, kila tulipouliza njiani tukajibiwa hovyo. Ameshameza dawa yake sasa hivi kwa sababu nimeona kibao chako, lazima ale. Niambie tu, kuku wenu anachinjwa na nani?"

Nikamwangalia machoni. "Mzee Athumani. Mchinjaji wa mji."

Jibu hilo lilikuwa la kweli siku zote isipokuwa siku ile.

Mabega yake yakashuka. Akageuka kwa mkwewe akasema, "Mama, kaa ule. Hapa kuna mzee wao." Simbeye akapakua wali na kuku, alikuwa hanitazami. Nikalipeleka sinia kwa mikono yangu mwenyewe. Watoto wakanawa. Bibi Mwanaidi alinawa, lakini kabla ya kugusa chakula akanishika mkono kwa mkono wake ulio majimaji, akaanza kuniombea. Hakuombea chakula, aliniombea mimi. "Mungu akuweke, mwanangu. Akupe wajukuu. Umetuondolea wasiwasi. Kwenye safari hakuna sadaka kubwa kuliko kumwondolea mtu wasiwasi."

Kisha akaniachia, akachukua tonge, akasema bismillahi.

"Bibi, usile!"

Sikujua nimepiga kelele kiasi gani mpaka nilipoona hata wa mlangoni wamegeuka. Mtoto mmoja alikuwa na paja la kuku mkononi, nikamnyang'anya. Halafu nikasimama katikati ya ukumbi wangu, kwenye sakafu niliyoitia vigae mwenyewe, nikasema yote. Kwamba mzee yuko msibani Galula. Kwamba kuku wa leo wamekatwa kwa panga na Mkristo, kwa amri yangu. Kwamba supu ya asubuhi ilikuwa yao pia. Nilidhani nikimaliza nitajisikia vizuri. Nilijisikia kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni.

Viti vilianza kusukumwa. Mmoja akatema mate chini. Mwingine, mtu mzima, akasema, "Aliyekula bila kujua hana dhambi, jamani, tulieni," lakini na yeye akachukua kofia yake akatoka. Swalehe alikuwa amekaa pale pale pa kila siku, karibu na dirisha. Alisimama wa mwisho. Hakupandisha sauti.

"Dada, wenzangu walikuwa wananiuliza kama hapa pana uhakika. Mimi nilikuwa nawaambia wasiulize, watakuudhi."

Akaacha funguo za chumba mezani akatoka.

Bi Zuhura alilisukuma sinia pembeni. "Umenitazama machoni! Umenitazama machoni ukanitajia Mzee Athumani!"

"Ndiyo."

"Na mama kameza dawa kwa sababu yako!"

"Zuhura," akasema Bibi Mwanaidi kutoka kitini, sauti imeanza kuwa nyembamba, "ugomvi utausubiri. Mimi naona kizunguzungu."

Hapo diploma ilinifaa. Chai ya rangi, sukari nyingi, gilasi mpya kutoka kwenye boksi. Nilimshikia mwenyewe akanywa, rangi ikaanza kumrudia usoni. Lakini chakula lazima kipatikane, tena haraka. Nilikuwa na sufuria mbili ambazo hazijawahi kuguswa, karatasi ya dukani bado imebandikwa. Bi Zuhura akazinyakua, akaingia jikoni kwangu kama askari wa forodha.

"Mwiko mpya upo?"

"Upo."

"Kuna nini hapa kisicho na shingo?"

"Mayai," nikasema.

"Mayai tena!" Bibi akalalamika kutoka ukumbini. Alikuwa anasikia vizuri kuliko sisi sote.

Ndipo Simbeye akakohoa. Akafungua kabati la juu kabisa, akatoa mfuko wa dagaa wakavu aliokuwa amewaficha ili awale peke yake. Aliwaweka mezani kwa uchungu wa mtu anayetoa mahari. Bi Zuhura akawaka moto upya. "Wewe ndiye mwenye panga?"

"Ndimi, mama."

"Simama kule, usiguse kitu. Na wewe, msomi, kata nyanya."

Nikakata nyanya. Jikoni kwangu, kwa kisu changu ambacho aliniamuru nikioshe mara tatu, naamrishwa na mgeni, na nilikata vizuri. Alisonga ugali, akaunga dagaa kwa kitunguu na ndimu. Bibi Mwanaidi alikula mpaka akalamba vidole, watoto wakapigania ukoko.

Baadaye nikawapeleka chumbani wakaswali. Nikamwonyesha bibi ukuta. "Na kibla ni huku, bibi, nimeweka mshale."

Bi Zuhura akatoa simu, akaizungusha, akanitazama, akaizungusha tena. "Mama, huyu dada anatuswalisha kwa jua. Kibla cha hapa ni kaskazini, kidogo tu kuelekea mashariki."

Kumbe miezi sita wageni walikuwa wanapindisha mikeka yao kimya kimya, kwa adabu. Bibi Mwanaidi akakaa kitandani akacheka mpaka akafuta machozi kwa mtandio. "Kuku kibudu na kibla kibudu! Zuhura, huyu angalau anajitahidi kila upande!"

Asubuhi yake, kabla ya kupanda basi, alinishika mkono tena. "Nikipita hapa nitakuuliza tena, mwanangu. Usikasirike."

"Uliza, bibi. Kila mara."

Basi lilipoondoka nilipanda ngazi nikakishusha kile kibao kwa mikono yangu, skrubu kwa skrubu, watu wa stendi wakishuhudia. Shemeji yangu wa kitimoto alikuja kunipa pole huku amefurahi. Wiki tatu ukumbi ulikuwa mtupu. Simbeye alikosa hata wa kumkaribisha, akawa anawaambia paka mwaiseni.

Mzee Athumani aliporudi alikuwa ameshasikia yote kabla hajashuka kwenye gari. Alikaa meza ya dirishani. Nilimsubiri anifokee.

"Nani alikulazimisha useme?"

"Hakuna, mzee."

"Yule mpishi alitishia kukusema?"

"Hapana. Simbeye alikuwa ameshapakua."

Akavua kofia, akaiweka mezani. "Wapo wanazuoni wanaojadili nyama ya Mkristo, kama inaliwa au hailiwi. Waache wajadili. Wewe hukuulizwa fatuwa. Uliulizwa nani kachinja." Akasimama. "Kesho alfajiri nitakuja. Kisu kiwe kikali."

Wazo la ubao lilikuwa langu. Simbeye atawaambia lilikuwa lake, msimsikilize. Nilimwita fundi anitengenezee ubao mweusi kama wa darasani, nikautundika mlangoni, mahali kibao kilipokuwa. Nilitaka kila siku niandike kwa chaki nani kachinja. Mzee alikataa kwanza. "Jina langu si tangazo la soda." Nikambembeleza siku nne. Mwishoni akakubali kwa sharti moja: siku ambayo hayupo, jina lake nilifute kwa mkono wangu, nisimtume mtu.

Basi ukawa unasoma: LEO KACHINJA MZEE ATHUMANI, ALFAJIRI. Na siku alipougua au kusafiri, ulisoma: LEO HAKUNA NYAMA. KUNA DAGAA, MAYAI, MAHARAGE.

Shemeji alicheka karibu aanguke. "Mfanyabiashara gani anaandika mlangoni alichokosa?"

Nikamwambia, "Yule utakayekuja kumwomba kazi."

Siku ya kwanza ya ubao usio na nyama, dereva mmoja alisimama nje akausoma mara mbili. Akachungulia. "Wewe ndiye uliyemzuia yule bibi asile?"

"Ndimi."

"Basi nipakulie maharage."

Kesho yake alikuja na wenzake wanne. Nao waliwapigia simu wake zao, wake wakawaambia mashoga zao wanaosafiri na watoto: ukifika Tunduma mtafute yule mama aliyewakataza watu kula. Mnaisikia sifa hiyo? Wengine wanasifiwa kwa walicholisha. Mimi nilisifiwa kwa sinia moja nililolirudisha jikoni. Na nawaambia kwa kinywa kipana, siku za ubao kusema hakuna nyama ndizo ambazo ukumbi ulijaa kuliko zote, kwa sababu kila aliyeusoma alijua kwamba jana, uliposema kuna nyama, haukudanganya. Nilijenga ghorofa kwa maharage. Nani mwingine mkoa mzima wa Songwe anaweza kusema hivyo?

Swalehe hakurudi. Lori lake nililiona mara nyingi likipita, anapunguza mwendo kwenye kona, anatazama mbele. Niliwahi kumtumia machungwa kwa mwenzake, yakarudi. Sijawahi kumlaumu. Kati ya wote, yeye ndiye aliyekuwa ameniamini bila kuuliza, na mtu wa namna hiyo ukimpoteza humrudishi kwa ubao.

Mzee Athumani alifariki akiwa amemfundisha kijana wake Yusufu, jina la ubaoni likabadilika. Nilipoandika LEO KACHINJA YUSUFU kwa mara ya kwanza, chaki ilinivunjikia mkononi.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, basi la kutoka Lusaka lilishusha watu mchana. Nikaona kijana mrefu na binti wanamshika mkono ajuza mmoja, nyuma yao mama wa baibui. Watoto wale wa ukoko walikuwa wamenipita urefu. Macho ya Bibi Mwanaidi yalikuwa yamekwisha kabisa. Alisimama mlangoni, akapapasa fremu kwa fimbo.

"Zuhura, aliniambia dereva kuna ubao. Nisomee."

Yusufu alikuwa na homa siku ile. Bi Zuhura akasoma kwa sauti: "Leo hakuna nyama. Kuna dagaa, mayai, maharage."

Bibi akacheka kicheko kile kile cha siku ya mshale. Wakaketi. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni yake na jibu langu tayari. Nilikuwa nimelitayarisha kwa miaka, nimelifanyia mazoezi kwa kila mgeni aliyepita, nikimsubiri huyu mmoja aniulize. Akanawa mikono.

"Leta dagaa," akasema. "Mayai hapana."

"Bibi, ulisema ukipita utaniuliza."

"Nikuulize nini, mwanangu? Mlango wako umeshajibu."

Akachukua tonge, akasema bismillahi, na mimi nikawa nimesimama pale pale niliposimama siku ile, kwenye kigae kile kile. Akala.

Diploma yangu iko sebuleni, kwenye fremu, njooni mwione. Ubao uko hotelini bado, binti yangu anauandika kila alfajiri. Na wewe kijana wa kibao cha taa, sijakununia. Kesho kabla jua halijachomoza nenda machinjioni, umwulize Yusufu kama ana nafasi. Ukitoka huko pitia kwangu. Chaki ninazo.